Marejesho ya Miezi Mitano

Fedha ziliingia Jumatano. Kufikia Jumatatu iliyofuata hazikuwapo.

Mzee Hussein Mhina aliligundua hilo wiki mbili baadaye, akiwa amesimama mbele ya dirisha la benki mjini Korogwe, kofia mkononi. Alikuwa ametoka Handeni alfajiri. Mfukoni alikuwa na barua ya daktari na barua ya serikali ya mtaa, zilizomruhusu kuulizia akaunti ya mkewe mgonjwa.

"Arobaini na mbili elfu," karani alimsomea salio.

"Binti, umekosea akaunti."

Karani aliangalia tena. Hakuwa amekosea.

Saa tano asubuhi mzee huyo alikuwa kituo cha polisi, mbele ya meza ya Inspekta Hafsa Semboja. Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye tabia ya kuandika bila kumwondolea mtu macho.

"Fedha za nini, mzee wangu?"

"Marejesho ya kodi. Mashine yetu ya kusaga, iko Manundu, hapa hapa mjini. Kuna mwaka ilifungwa miezi mitano, na sisi tukachelewa kutoa taarifa. Tukalipa kodi ya mwaka mzima. Tukaweka pingamizi, imechukua miaka, mwisho tukarudishiwa. Milioni kumi na nne na laki tatu."

"Mashine ni yako au yenu?"

Mzee alikohoa. "Ubia wa mimi na mke wangu. Ndivyo ilivyosajiliwa."

"Kwa nini ziliingia kwake?"

"Fomu ina mstari mmoja tu wa akaunti. Ubia mmoja, akaunti moja. Yangu iko Handeni ninakolima, yake iko hapa. Yangu ina mkopo wa trekta, shilingi ikitua tu benki inaimeza. Nikamwambia Mashavu, andika yako, zikiingia tutagawana nusu kwa nusu. Tukatia sahihi wote wawili. Wakati ule alikuwa mzima."

"Na sasa?"

"Kiharusi, afande. Tangu Mei. Hasemi, hainuki. Amelala kama gogo."

"Anauguzwa na nani?"

"Mwanamke mmoja ninamlipa, anaitwa Ritha. Wa Mashewa." Mzee aliinama mbele, akapiga meza kwa kidole. "Na mwizi ni huyo huyo. Utamkamata nani mwingine?"

Inspekta Hafsa alifungua jalada. Moyoni alikubaliana naye. Kesi za namna hii alizijua. Nyingi zilimalizika kabla ya chakula cha mchana.

* * *

Nyumba ilikuwa nyuma ya mashine. Kila kinu kilipounguruma, vioo vya madirisha vilitetemeka.

Mashavu alilazwa chumba cha mbele, shuka safi, nywele zimesukwa mistari minne. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Macho yake yalikuwa wazi. Ritha alisimama mwishoni mwa kitanda, mwanamke mnene kiasi wa miaka thelathini na tano, mikono ameifunga tumboni.

Mzee Hussein alikaa upande mmoja, Inspekta upande wa pili. Konstebo Muhsin alibaki mlangoni. Walizungumza kitanda kile kikiwa katikati yao kama meza.

"Simu ya mgonjwa iko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Chini ya mto, afande."

"Nani anaichaji?"

"Mimi."

"Namba ya siri ya benki unaijua?"

"Siijui."

"Kati ya tarehe nane na kumi na mbili Januari nani aliingia humu?"

"Jirani. Na mzee, ile Ijumaa."

"Umemtumia mtu fedha?"

"Sijamtumia mtu fedha yoyote."

"Muongo!" Mzee Hussein alifoka. "Nimekuweka hapa miezi minane unakula, unalala, kumbe unamchuna mgonjwa!"

Kwenye shuka, mkono wa kushoto wa Mashavu ulifunguka na kufumba, ukafunguka na kufumba. Inspekta aliuona. Alidhani ni ugonjwa.

Walipekua chumba cha Ritha. Begi moja, vitenge viwili, rozari, shilingi elfu tisa ndani ya soksi. Simu yake ilikuwa ya vitufe na haikuwa na muamala wowote zaidi ya laki moja.

"Ameficha," mzee alisema.

"Labda," alijibu Inspekta. Alimwamuru Ritha asitoke Korogwe, akaenda benki na barua ya kuomba taarifa ya akaunti.

* * *

Kesho yake ofisa wa benki alimkabidhi kurasa mbili. Milioni tatu, mara nne, kwa siku nne. Siku ya tano, milioni mbili na ushei. Zote zilitoka kwa njia ya simu, saa nne asubuhi, kwenda namba moja tu. Namba hiyo ilisajiliwa kwa jina la Grasiana Valentino, mkazi wa Mazinde.

"Namba ya siri ilikosewa mara ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Haikukosewa hata mara moja."

"Kuna mtu aliyewahi kuja kuibadilisha?"

"Hapana. Ni ile ile aliyoiweka mwenye akaunti mwenyewe, miaka minne nyuma."

Inspekta alimpigia mzee Hussein. "Namba ya siri ya mkeo unaijua?"

"Mashavu? Hata mkoba wake sikuwahi kuugusa. Alikuwa msiri huyo."

"Aliwahi kuiandika mahali?"

"Alikuwa akiweka mahesabu ya mashine nzima kichwani, afande. Aiandike ya nini?"

Inspekta alikata simu. Mwizi alikuwa ameipata namba iliyokuwa ndani ya kichwa cha mtu asiyesema. Jambo hilo lilimkaa vibaya.

"Jina la Grasiana Valentino unalijua?" alimuuliza Ritha siku ileile, kituoni.

Ritha alitazama sakafu. "Afande, mimi nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Alitikisa kichwa. Alirudishwa Manundu, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumlisha mgonjwa.

* * *

Mazinde walifika kesho yake asubuhi. Mkonge ulisimama pande zote mbili za barabara, mistari iliyonyooka mpaka chini ya milima. Walielekezwa nyuma ya nyumba za zamani za kambi ya wakata mkonge.

Bibi Grasiana Valentino alikuwa akimwagilia tofali. Alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, miguu mikavu, kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yake palikuwa na nyumba mpya ya vyumba viwili, ukuta umefika kwenye linta, juu ya madirisha. Bati zilikuwa zimepangwa chini, zimefunikwa na majani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka kwa Mama Mashavu? Anaendeleaje?"

Inspekta alimtazama Muhsin, Muhsin akamtazama yeye.

"Unamjua, bibi?"

"Ndiye aliyeleta hii." Alionyesha ukuta kwa kopo la maji. "Kwa ajili ya Benedicto."

"Benedicto ni nani?"

"Mwanangu. Alikuwa mwendesha mashine wao kule Manundu. Mkanda ulimnasa mkono, ukamvuta mzima. Mwezi wa tatu ulitimiza mwaka wa sita."

"Mashine ikafungwa?"

"Miezi mitano. Watu walikataa kusagia mahali palipomwagika damu. Mzee Hussein alileta jeneza na gunia la unga. Akasema mwanangu alijiponza kwa uzembe. Mimi ningemwambia nini? Nimebaki na wajukuu wawili ndani ya chumba cha kambi."

Inspekta alikaa juu ya tofali. "Fedha zilipokuja, bibi, ulifikiri zimetoka wapi?"

"Uliletwa ujumbe. Usome mwenyewe."

Alitoa simu kwenye pindo la khanga. Ujumbe ulikuwa mfupi: *Hii ya Bene. Nisamehe.*

"Nikapiga," bibi alisema. "Akapokea mwanamke, akaniambia, bibi, mwenyewe hawezi kusema ila anakusikia. Nikasema nilichosema. Nikasikia mtu anapumua, basi."

"Zimebaki kiasi gani?"

"Laki tatu na nusu. Fundi anataka za mbao." Kisha kitu fulani kikamgonga, akaliweka kopo chini. "Mwanangu. Mmekuja kuzichukua?"

Inspekta Hafsa aliinuka juu ya tofali.

"Sijui bado, bibi."

"Kama ni kubomoa, mje mapema. Kabla sijawaambia watoto kwamba tunahamia."

* * *

Mchana walikuwa Manundu. Mzee Hussein aliitwa kutoka Handeni, akafika saa nane akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Inspekta aliamuru mashine izimwe. Kimya kilipotanda alikaa kitandani, akamgeukia Mashavu, si mumewe.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Hafsa. Juzi nilikuja sikukusalimia. Nisamehe."

Macho ya Mashavu yalimgeukia.

"Kama unanielewa, nibane kidole mara moja."

Mkono wa kushoto ulimbana. Ulikuwa na nguvu kuliko alivyotazamia.

"Anatetemeka tu huyo," alisema mzee Hussein.

"Ukitaka kusema hapana, bana mara mbili. Je, Ritha aliiba fedha zako?"

Mara mbili.

"Muhsin, rekodi kwa simu yako." Inspekta aliitoa simu ya Mashavu chini ya mto, akaifungua kwenye ukurasa wa benki, akaishika mbele ya dole gumba la mkono ule. Ritha alikuwa amesimama ukutani, mbali, mikono nyuma. "Weka namba yako ya siri, mama."

Dole lilipapasa. Tarakimu ya kwanza. Lilipumzika. Ya pili. Ya tatu. Jasho lilimtoka Mashavu kwenye paji la uso. Ya nne. Ukurasa ukafunguka: arobaini na mbili elfu.

Mzee Hussein alisimama, akakaa tena.

"Tangu lini anaweza hivi?" Inspekta alimuuliza Ritha.

"Tangu Septemba. Nilikuwa nasali, nikaona anahesabu kwa vidole pamoja nami. Nikaanza kumpa simu. Nilimwambia mzee, siku mbili tofauti. Akasema nisimletee habari za kipumbavu."

"Alizituma mwenyewe?"

"Nilimshikia simu, afande. Basi. Akaniomba nisiseme."

Inspekta alifungua ukurasa wa ujumbe. "Mama, zile fedha ni zenu wawili. Kwa nini ulizipeleka zote Mazinde?"

Ilichukua karibu dakika ishirini. Hakuna aliyetoka. Dole lilipokosea, Mashavu alifumba macho, akaanza upya. Maneno yalitokea moja moja.

*Miezi ya Bene.*

"Ile mitano mashine ilipofungwa?"

Bano moja.

"Kwa hiyo uliona marejesho ni yake?"

Bano moja. Lakini dole lilirudi kwenye kioo, likaendelea. Inspekta alisoma herufi kwa sauti zilivyokuja.

*Nilimwambia asizime.*

"Asizime mashine?"

Bano moja.

"Mkanda ulikuwa umetoka, akataka kuzima aurudishe?"

Bano moja.

"Ukamwambia aurudishe huku inazunguka."

Mashavu hakubana. Aliandika: *Foleni. Watu wengi.*

Chozi lilimtoka jicho moja, lile la upande uliolala, likateremka mpaka sikioni. Ritha alikuja akalifuta na kona ya khanga, akarudi ukutani.

"Miaka sita," Inspekta alisema taratibu. "Ulimwambia mtu?"

Alibana mara mbili.

Mzee Hussein alikuwa ameikunja kofia yake ikawa kama kitambaa. "Mashavu," alisema. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia mkewe moja kwa moja tangu Inspekta aanze kuja nyumba ile. "Mashavu, uliniambia alikuwa amelewa."

* * *

Nje, kwenye kibaraza cha mashine, Inspekta alimweleza sheria kama alivyoielewa.

"Mzee, hakuna wizi hapa. Mwenye akaunti amezituma mwenyewe. Nusu yako unaweza kumdai mahakamani, hiyo ni kesi ya madai. Ondoa lalamiko, nifunge jalada leo."

"Siondoi."

"Umeona kwa macho yako."

"Nimeona mgonjwa anachezea simu." Alisema akitazama mabunda ya magunia. Sauti yake haikuwa ya hasira tena. "Afande, nikikubali kwamba akili zake ni nzima, nimekubali yote aliyoyaandika. La Bene pia. Watakuja ndugu, watakuja mawakili, mashine itakwenda. Trekta inadaiwa. Nitamtibu na nini? Nitamlisha na nini?"

"Kwa hiyo Ritha afungwe?"

"Sikusema afungwe. Nimesema siondoi."

Siku tatu Inspekta alihangaika na jalada lile. Tarehe tatu Februari alilipeleka kwa wakili wa serikali, Bwana Sabiri, mtu mtaratibu mwenye miwani. Wakili alitazama video yote, mara mbili. Alipomaliza aliivua miwani.

"Ninamwamini huyu mama," alisema.

"Basi?"

"Basi mimi si daktari. Kuna barua ya daktari humu inayosema mgonjwa hawezi kuwasiliana wala kuamua. Mpaka iondolewe na barua nyingine, aliyekuwa na akili timamu chumbani ni mmoja, na ndiye aliyeshika simu. Mlalamikaji hajaondoa lalamiko. Milioni kumi na nne zimekwenda. Nikiliacha, kesho nitaulizwa mimi."

"Daktari wa kumpima upya tutampata lini?"

"Bingwa anakuja Jumatano ya mwisho ya mwezi."

"Hiyo ni tarehe ishirini na tano."

"Najua, Inspekta."

"Yule Ritha hana mdhamini. Hana nyumba, hana ndugu mwenye hati. Atakaa mahabusu."

Wakili alisaini hati ya mashtaka polepole, kama mtu anayesaini barua ya msiba. "Ungeweza wewe kumdhamini?"

"Mimi ndiye mpelelezi wa kesi."

"Ndiyo maana nimesema ungeweza. Sikusema unaweza."

* * *

Ritha hakushangaa. Alikuwa amekwisha funga begi. Inspekta hakumtia pingu.

"Kama ukisema mahakamani kwamba mzee aliambiwa na hakusikia, itasaidia," Inspekta alimnong'oneza.

"Nitasema, afande. Watanisikia?"



Mzee Hussein alikuwa mlangoni. Alikuwa amehamia Manundu tangu asubuhi, na mkeka wake ulikuwa umekunjwa pembeni. Ritha alimwendea, akaongea kama mtu anayemkabidhi mwenzake zamu ya kazi.

"Uji uwe mwepesi, mzee, utiririke kwenye kijiko. Umpe akiwa ameinuliwa, mito miwili. Akilala chali ukamlisha, utamuua. Dawa ya shinikizo la damu ni ile nyeupe, asubuhi tu. Ana kidonda nyongani, upande wa kushoto, kinapona. Usimlaze juu yake. Mgeuze kila baada ya saa mbili."

"Nitamgeuzaje? Ni mzito."

"Unapiga goti kitandani, unapitisha mkono huu chini ya bega, huu chini ya nyonga. Unamwambia kwanza. Anaogopa akigeuzwa bila kuambiwa."

Kutoka kitandani Mashavu alikuwa akimtazama Ritha, mkono wa kushoto ukifunguka na kufumba juu ya shuka, haraka haraka. Sasa kila mtu chumbani alijua kwamba ni maneno. Hakuna aliyekwenda kuyasoma. Muda ulikuwa umekwisha na gari lilikuwa linanguruma.

"Kila baada ya saa mbili," mzee Hussein alirudia. "Hata usiku?"

"Hata usiku, mzee. Na usingoje akuite."

Ritha alichukua begi lake. Muhsin alimfungulia mlango wa nyuma wa gari. Inspekta Hafsa alipogeuka mara ya mwisho, mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, simu ya mkewe mkononi, akibonyeza kioo bila kujua pa kuanzia.